Mgongoni kwa Roswita

Blandina alipoligusa titi lake kwa mara ya kwanza, aliyeshtuka ni dada yake.

Lilikuwa mgongoni kwa Roswita, chini ya bega la kushoto, pale ambapo mtoto aliyebebwa huegemeza shavu akilala. Lilikuwa bado dogo, kiasi cha nusu chungwa. Ngozi yake ilikuwa ya Blandina kabisa, nyeusi ya kung'aa aliyoirithi kwa baba yao, na ngozi iliyolizunguka ilikuwa maji ya kunde kama ya mama. Rangi mbili zilikutana kwenye mstari mwembamba uliovimba kidogo, kama pindo la nguo iliyoshonwa kwa mkono.

Alinyoosha kidole kimoja tu. Alikuwa ameshuka safarini kutoka Singida, amenawa vumbi kwenye bomba la nje, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ebo! Mikono gani hiyo ya barafu!" Roswita aliruka, mabega yakapanda mpaka masikioni. Halafu ghafla akavuta khanga na kujifunika.

Blandina alibaki na kidole hewani.

"Dada. Umehisi?"

"Nimehisi nini?"

"Nilipokugusa."

"Nimejua tu umesimama nyuma yangu. Mtu hujua."

"Umesema mikono yangu ni ya baridi."

Roswita alianza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Chumba chake katika Nyumba ya Walezi kilikuwa kidogo na kisafi: kitanda, kigoda, dirisha la kutazama vilima vya Dodoma. "Umeniletea kuku?" aliuliza. "Nimenusa harufu ya kuku tangu mlangoni."

"Daktari aliniapia kwamba hutahisi kitu."

"Basi kama daktari amesema, unaniuliza nini mimi?"

Lakini alisema hivyo akiwa anatazama dirishani. Blandina alimjua dada yake tangu akiwa mtoto wa kuburutwa mkono kwenda shule, na alijua kwamba Roswita akikuongopea hutazama nje.

*

Mwaka uliopita, wakati kovu lilikuwa bado bichi, Daktari Leokadia Kisanga alikuwa amemkalisha Blandina mbele ya meza na kumweleza njia zote alizokuwa nazo. Saratani ilikuwa imeondoka na titi lote la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuchora anachokisema.

"Kazi yako ni ipi hasa?" aliuliza.

"Napanda minara ya upepo. Nashushwa kwa kamba kutoka juu, naning'inia kwenye panga, naziba nyufa."

Nje ya mji wa Singida minara hiyo ilikuwa mingi kiasi kwamba watoto wa shule wakichora mbingu huchora na mapanga yanayozunguka. Blandina alikuwa ameipanda karibu yote. Mashine zilijaribu kuifanya kazi yake na zikashindwa, kwa sababu ufa mdogo kwenye panga huonekana kwa ncha ya kidole kabla haujaonekana kwa kamera.

"Basi kuna mfuko wa jeli," daktari alisema na kuchora. "Tunauweka chini ya msuli wa kifua. Ni upasuaji mwepesi. Lakini kila ukivuta kamba msuli utakaza, na mfuko utapanda kuelekea shingoni. Na huko juu kwenye baridi, jeli hupoa. Utashuka nayo kifuani kama jiwe la mtoni."

"Hapana."

"Tunaweza kuchukua msuli wa mgongo, tukauzungusha kwa kupitia kwapani mpaka mbele."

"Msuli upi?"

Daktari aliuonyesha kwenye mchoro. Blandina aliinua mkono kana kwamba ameshika kamba, akausikia ukikaza.

"Huu ndio unaonipandisha."

"Ndiyo. Utapungukiwa nguvu za kuvuta, na sikwambii ni kidogo. Nyingine ni nyama ya tumboni, na mishipa yake ya damu. Hiyo haigusi misuli ya kazi." Alimtazama juu mpaka chini, akatabasamu. "Tatizo ni kwamba tumboni huna kitu."

Blandina alijifinya tumbo. Ni kweli. Nyama yake isingejaza kikombe cha kahawa.

"Na kubaki bapa," daktari aliendelea. "Hiyo si njia ya walioshindwa. Wanawake wengi wanaichagua na wanaishi vizuri sana."

Blandina alikuwa ameshairudia kazi hivyo, bapa upande mmoja. Mkanda wa kamba ulikuwa umeshonwa kwa kifua chenye pande mbili. Sasa ulivutika kushoto na kulala juu ya kovu. Alitia kitambaa cha sufi, akazoea. Mumewe Gaudensi alimwambia chochote atakachoamua ni sawa, na alimaanisha. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumweleza mtu. Alilitaka tu lile titi. Lilikuwa lake, alilikuza mwenyewe, alinyonyeshea wanawe wawili, akaamka siku moja halipo.

Daktari aliona uso wake, akageuza karatasi.

"Kuna njia moja mpya," alisema.

Walikuwa wanachukua seli za mwanamke mwenyewe, zenye afya, zilizopimwa zikapimwa tena, wanazipanda juu ya kiunzi chembamba kama utando wa buibui. Kwenye mashine zilikua haraka na kuoza haraka. Mashine iliweza kuzilisha, lakini nyama hai inataka mapigo ya moyo, inataka mwili unaoinama, unaocheka, unaolala na kuamka. Bila hivyo mishipa ya damu haioti sawasawa. Kwa hiyo walihitaji mlezi: ndugu wa damu, mwenye afya, atakayeibeba mgongoni kwa miezi minane huku akimeza vidonge vya kuuzuia mwili wake usiikatae. Mwishowe titi linahamishwa, na mwenyewe halazimiki kukatwa msuli wala tumbo.

"Na mlezi? Ataumia?"

"Mishipa ya damu itaota. Mishipa ya fahamu haitaota, hatuna sababu ya kufikiri hivyo. Atasikia uzito tu, kama aliyebeba mtoto mchanga."

Blandina aliporudi nyumbani alimweleza Roswita kwa simu, kama mtu anayesimulia maajabu ya mjini. Roswita hakumwacha amalize. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Nakuja Dodoma lini?"

*

Mchana walikula kuku barazani pamoja na walezi wengine. Walikuwa wanawake kumi hivi: mama waliokuwa wakiwalelea binti zao, madada waliokuwa wakiwalelea wadogo zao, na shangazi mmoja. Wote walikaa kwenye vigoda. Nyumba nzima haikuwa na kiti cha kuegemea.

Blandina aliwasalimia mmoja mmoja. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikuwa Bi Mwantatu wa Kondoa, mwenye sauti nzito na mikono isiyotulia. Alikuwa akilea kwa ajili ya binti yake wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye la Roswita? Karibu. Dada yako anatuchosha kwa kukusifia. Eti unatembea angani."

Walicheka. Wakasifu asali aliyoileta. Roswita naye alicheka, akigawa mapaja ya kuku kana kwamba asubuhi hapakutokea kitu, na Blandina akaanza kujiambia kwamba labda alisikia vibaya.

Ndipo upepo wa Dodoma ukaja. Ulitokea upande wa uwanja, umebeba mchanga, ukapiga baraza kwa mkupuo mmoja. Blandina alifumba macho na kujifunika uso, kama mtu yeyote angefanya. Alipochungulia kati ya vidole, aliona kitu kilichomfanya asahau mchanga.

Wanawake wote walikuwa wamepeleka mkono mgongoni. Kila mmoja alikuwa amekinga nyuma kwanza, kiganja kimelala juu ya khanga chini ya bega la kushoto, na macho ameyaacha wazi kwenye vumbi. Bi Mwantatu machozi yalimtoka kwa mchanga, na bado mkono haukutoka nyuma.

Upepo ukapita. Mikono ikarudi kwenye sahani.

"Wote?" Blandina alisema. Hakujua kama amesema kwa sauti.

Mwanamke mmoja aliinuka akaingia ndani.

"Mnahisi. Ninyi nyote mnahisi."

"Kaa chini, mwanangu," alisema Bi Mwantatu.

"Mmemwambia daktari?"

"Kaa, nimekwambia." Alingoja mpaka Blandina akakaa. "Tukimwambia, yatakatwa yote kesho, yangali machanga. La mwanangu limebakiza muda mdogo. Ana miaka thelathini na moja. Anavaa nguo gizani, hata mumewe hamwoni. Umenielewa?"

"Lakini yakija kukatwa mtasikia! Sisemi mkiwa kwenye usingizi wa dawa. Baadaye, mkiamka."

"Tunajua."

"Mnajuaje?"

Bi Mwantatu alitazamana na Roswita. Roswita ndiye aliyejibu, polepole, akiwa anapangusa mchanga kwenye bakuli la asali.

"Yuko mwenzetu alimaliza. Baada ya kukatwa alirudi hapa kuchukua mizigo yake. Alikuwa bado anapita mlangoni kwa ubavu, asije akalibana."

Blandina aliiona asubuhi ile ya kwake, baada ya upasuaji, mkono wake ukitambaa chini ya shuka peke yake na kukuta bandeji. Hicho ndicho alichokuwa amemwagiza dada yake. Kwa simu, huku akicheka, alikuwa ameagiza Roswita naye aamke asubuhi moja apapase.

*

"Nataka kujitoa," alimwambia Daktari Kisanga.

Alikuwa amepanga kusema hilo tu. Yale ya barazani hayakuwa yake kuyatoa. Yalikuwa ya Bi Mwantatu na binti yake anayevaa gizani. Alisimama karibu na mlango kusudi aweze kutoka haraka.

"Unajitoa, mwezi wa tano? Kuna nini?"

"Nimeamua kubaki bapa. Kwa ajili ya kazi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Blandina, umekuja hapa mara ngapi kuniuliza limefikia wapi? Mara ya mwisho uliniomba picha." "Umemwona dada yako leo. Amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu." Hilo lilikuwa kweli.

"Umemgusa?"

Blandina alijua kunyamaza kwake kumeshajibu, na hapakuwa na namna ya kulirudisha jibu hilo.

Daktari alivua miwani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kila wiki tunawachoma sindano nyembamba. Tunawauliza, unahisi? Wanasema hapana. Kila mmoja, kila wiki."

"Wanasema wakiwa wamekutazama?"

"Wanakuwa wamenipa..." Aliishia hapo. "Wamenipa mgongo."

Alitoka bila kuvaa miwani. Blandina alimfuata mpaka barazani. Walezi walikuwa wakichambua mchicha, na Bi Mwantatu ndiye aliyekuwa karibu na mlango, amewapa kisogo. Daktari alisimama nyuma yake. Aliinua mkono, kidole kimoja mbele, akakisogeza mpaka kikakaribia khanga.

Bi Mwantatu aliendelea kuchambua. Lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa, na jani lile lile alilokuwa amelishika alilichana vipande vipande. Alijua. Wote barazani walijua. Alikuwa anangoja kuguswa na amejiandaa asitikisike.

Daktari alishusha mkono. Akazunguka, akaja mbele yao, akachuchumaa ili macho yake yalingane na yao.

"Mnasikia maumivu?" aliuliza.

"Daktari," alisema Bi Mwantatu, "sisi tumezaa. Unatuuliza habari za maumivu?"

Daktari alijaribu kusema kitu, sauti ikakatika, akaanza upya. Aliwaambia kwamba kuanzia siku ile hatapokea mlezi mwingine. Aliwaambia kwamba mishipa ya fahamu, kama imeota, kila wiki inazidi kuzama kuelekea uti wa mgongo, na kwamba anayekatwa mapema atapoteza kidogo kuliko anayengoja. Hatamlazimisha mtu. Anayetaka aje ofisini, hata sasa hivi.

Alingoja. Mchicha uliendelea kuchambuliwa.

*

"Umekwenda kusema."

"Sijasema, dada. Naapa. Amenisoma tu."

"Umekwenda kusimama mbele yake na uso huo, ni sawasawa na kusema!" Roswita alikuwa amefunga mlango wa chumba na kuuegemea kwa bega la kulia. "Watoto wangu wako kwa mama mkwe tangu kabla ya mavuno. Nalala kifudifudi kama mjusi. Vidonge vimenitoa vidonda mdomoni, sijala pilipili huu mwezi wa tano. Halafu wewe unaingia na kuku mmoja na kidumu cha asali, unaniambia hulitaki?"

"Siwezi kukufanyia nilichofanyiwa."

"Hunifanyii wewe. Nimejifanyia mwenyewe."

"Ulipokubali hukujua."

"Mwezi wa tatu nilijua. Nilikuwa naoga, maji yakapita, nikahisi. Nikasimama pale bafuni mpaka maji yakaisha." Sauti yake ilishuka. "Ningeweza kwenda ofisini siku ile ile. Sikwenda. Sasa usininyang'anye hilo nalo."

Blandina alikaa kitandani.

"Basi likatwe sasa," alisema. "Kesho, au siku ya karibu. Kabla halijazama zaidi."

"Na likishakatwa? Litupwe kwenye ndoo?"

Alikuwa amefikiria kumwokoa dada yake, hakuwa amefikiria ndoo.

"Nisikilize, Blandi. Likikatwa litaniuma. Likienda kwako litaniuma, likienda kwenye ndoo litaniuma. Lakini nikijua limetupwa, nitajiuliza mpaka nife nililibeba la nini."

Nje mtu alikuwa anafagia mchanga barazani. Blandina alimtazama dada yake, midomo iliyobabuka, bega moja lililoshuka kwa kukinga lile lingine. Kulivaa lilikuwa jambo la kutisha. Kutolivaa sasa lilikuwa la kutisha zaidi.

"Nitalichukua," alisema. "Lakini kama lilivyo. Halikai hata wiki moja zaidi."

"Dogo hivyo? Utakuwa na moja la mama na moja la msichana wa darasa la saba."

"Litanitosha."

"Miezi mitatu tu imebaki!"

"Dada, litanitosha."

Roswita aligeuzia uso ukutani. Hakusema naye tena jioni hiyo, wala asubuhi walipopimwa damu, wala siku walipolazwa kwenye chumba kimoja, vitanda viwili sambamba. Wauguzi walipomuuliza kitu, alijibu. Blandina alipomuuliza, alifumba macho.

*

Blandina ndiye aliyezinduka kwanza. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umejaa chumbani. Alipitisha mkono chini ya gauni la hospitali, akainua kidogo ukingo wa bandeji.

Lilikuwepo. Dogo, limevimba, rangi moja na kifua chake, kana kwamba halikuwahi kutoka. Aliligusa. Kidole kilisikia ngozi yenye joto; ngozi haikusikia kidole. Alibonyeza zaidi. Ilikuwa sawa na kumgusa mtu mwingine aliyelala. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba hisia zitachukua mwaka, pengine zaidi, pengine zisirudi kabisa.

Kwenye kitanda cha pili Roswita alikuwa amelazwa kifudifudi, uso umeelekea kwake. Alikohoa, akalamba midomo. Kisha, macho yakiwa bado yamefumba, mkono wake wa kulia ulitoka kwenye shuka, ukapanda kiunoni, ukatambaa mgongoni kuelekea chini ya bega.

Ukakuta bandeji tambarare.

Ukapapasa juu. Ukapapasa chini. Ukarudi pale pale, vidole vimetanuka, kana kwamba huenda kilichopotea kimesogea tu. Roswita akafumbua macho. Hakulia. Alifungua mdomo na pumzi ikaingia, ikaendelea kuingia, isitoke.

Blandina aliteremka kitandani. Kidonda kilimvuta, akashika stendi ya dripu na kuiburuta mpaka kwenye kitanda cha dada yake, akapiga magoti sakafuni ili nyuso zao zilingane. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wamemwambia maneno mazuri, naye sasa hakukumbuka hata moja.

"Litakuwasha," alisema.

Pumzi ya Roswita ikatoka.

"Hakuna atakayekwambia, wala mimi sikuambiwa. Utapeleka kucha, utakuta hapana kitu, na bado linawasha. Wakati mwingine litahisi baridi. Nilidhani nimerukwa na akili, sikumwambia mtu yeyote, hata Gaudensi. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinasaidia kidogo. Weka tu pale, kana kwamba lipo. Na usikubali mtu akwambie halipo. Unajua mwenyewe kwamba halipo."

Mkono wa Roswita ulikuwa bado mgongoni.

"Linaacha lini?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mdogo wake tangu siku ya ugomvi.

"Sijui, dada. La kwangu bado linawasha."

"Mpaka sasa? Na hilo umeshawekewa?"

"Mpaka sasa."

Roswita alifumba macho. Kisha, polepole, akiuma meno kwa maumivu, alijisogeza kuelekea ukutani, mpaka kitandani pakapatikana nafasi ya mtu wa pili.